Kwa Sababu ya Mvua

Chumba mia tatu na nne, Busan, saa mbili na robo asubuhi.
Ukungu umezimeza winchi za bandari,
zimebaki taa za kileleni tu, zinawaka, zinazima.
Wanafunzi wangu sita wanaingia na miavuli inayochuruzika,
wananisalimu kwa lugha niliyoajiriwa kuwafundisha
na ambayo tayari wanayo.

Ajira ya ajabu hii:
kumuuzia maji mwenye kisima.

Leopold wa Graz huuita mwezi wa kwanza
kwa jina ambalo kitabu chetu hakilijui.
Annina wa Chur hutamka kila sentensi
kama mtu anayepanda ngazi na ndoo imejaa.
Ye-rin, binti wa mhandisi wa meli,
aliishi Düsseldorf miaka saba.
Yeye peke yake ndiye ajuaye kanuni,
maana yeye peke yake aliingia kwa kubisha hodi.
Wengine walizaliwa ndani.

Wiki ya kwanza niliwauliza:
kwa nini kijiko ni mwanamume,
uma ni mwanamke,
na kisu si huyu wala yule?
Wakanitazama kama niliyeuliza
kwa nini pua iko katikati ya uso.
Ye-rin akainua mkono.
“Hakuna sababu,” akasema. “Nilikariri.
Nililia, nikakariri.”

Insha ya Hyun-seo Brandt ilikuwa kurasa mbili
bila nukta hata moja,
kama mtu anayesimulia huku anakimbilia basi.
Niseme kweli: ilikuwa nzuri kuliko zote.
Mstari wa nne: wegen dem Regen.
Kalamu yangu nyekundu haikungoja ruhusa.
Des, nikaandika juu yake. Des Regens.
Amerudia mara tatu, nimekata mara tatu.

Kengele ikalia, wenzake wakatoka,
mlangoni tu wakageukia Kikorea na Kiingereza
kama watu wanaobadili viatu.
Yeye akabaki.
“Baba husema dem.”
Nikamwambia, wengi husema hivyo, mtihani hausemi.
“Husema,” akarudia,
kisha akasahihisha kitenzi ambacho sikukigusa:
“Alikuwa akisema.”

Sikujua.
Fomu ya shule ina nafasi ya mzio wa karanga,
nafasi ya namba ya pasipoti.

Nyumbani kwao sasa ni Kikorea tu.
Kijerumani cha nyumba ile kimehamia kwenye simu:
jumbe za sauti arobaini na moja,
mwanamume wa Kassel anakohoa, anacheka,
anauliza kama maziwa yapo,
anachelewa kurudi kwa sababu ya mvua.

Na mimi ninayekata ni nani?
Mtoto wa Emden, niliyelelewa kwa Kiplati cha bibi,
niliyesimamishwa ubaoni nikiwa na miaka sita
nirudie neno moja, nirudie tena,
mpaka harufu ya jiko letu ilipolitoka.
Mwalimu alinipa nyota. Niliibandika kitandani.

Wino mwekundu haufutiki. Nilijaribu.
Nikachukua penseli, nikaandika pembeni:
Kwenye mtihani, des. Hapa, kama ulivyosikia.
Hakushukuru. Alisoma kwa midomo,
akaikunja karatasi mara nne
ikaenea mfukoni, ilipo simu.

Kesho nina somo la viambishi.
Sijui kama nilifanya vema;
mkuu wa idara angesema nimempunguzia alama kumi
na kumwongezea nini?

Jioni nilimpigia Fenna, dada yangu.
Emden ilikuwa asubuhi, alikuwa akikoroga chai,
nilisikia sukari ya mawe ikipasuka kikombeni.
“Mbona umechelewa leo?”
“Wegen dem Regen,” nikasema,
nikanyamaza nikiwa nimeshika dirisha.
“Bado inanyesha huko?”
Bado, nikamwambia. Bado.